Ni Nani Achaguaye Karatasi za Kuchomwa?

Kuna neno lisemwalo sana katika maofisi, nalo limeanza kusemwa hata vijijini kwetu, ya kuwa karatasi za zamani ni takataka. Chumba kimejaa, mchwa wameingia, karani mpya hana mahali pa kuweka meza yake. Basi amri hutoka, majalada yatolewe nje yatiwe moto. Watu wapitao njiani huuona moshi, nao husema, "Leo wanasafisha." Sisi twasema sivyo. Moshi ule mara nyingine ni mpaka wa shamba la mtu. Mara nyingine ni jina la babu yake. Mara nyingine ni hukumu aliyoshinda barazani, wala haitapatikana tena. Kwa hiyo twataka kulinena jambo hili wazi, maana ni jambo la kila mtu ajuaye kusoma, wala si la makarani peke yao.

Yafaa kwanza tukubali lililo kweli katika maneno ya wale wasiopatana nasi. Hakuna serikali duniani iwezayo kutunza kila karatasi. Barua ya kuomba wino, hati ya posho ya safari, nakala tatu za waraka ule ule, nani atazitaka baada ya miaka 50? Hata Uingereza, yenye nyumba kubwa za kuhifadhia nyaraka, karatasi za serikali zinazobakizwa hazifiki 10 katika 100. Tena pwani hii yetu ya Tanga na Pangani haizipendi karatasi. Upepo wa bahari huleta unyevu, unyevu huleta koga. Pini na vibanio hushika kutu na kuzila karatasi mahali viliposhika. Mchwa nao hawangoji amri ya mtu. Asemaye kwamba tutunze vyote, mwisho wake atapoteza vyote, kwa sababu lundo lisilochambuliwa huoza lote pamoja. Basi swali letu silo kama karatasi zichaguliwe. Zichaguliwe. Swali letu ni nani achague, kwa kipimo gani, na nani aweza kumwuliza sababu.

Wengine hudhani kwamba nchi yetu haina sheria ya mambo haya. Iko. Tanganyika ilipokwisha kupata uhuru, mwaka 1963 Rais alitoa waraka wa kuanzisha Nyaraka za Taifa, na mwaka 1965 sheria ikatungwa. Sheria ifuatwayo sasa ni ile ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Na. 3 ya mwaka 2002. Iko Idara yake, chini ya Ofisi ya Rais. Nyaraka za kale zimewekwa Upanga, Dar es Salaam, tena kiko Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu huko Dodoma kwa majalada ambayo kazi yake ofisini imepungua. Mtu haruhusiwi kuteketeza kumbukumbu ya umma kwa kupenda kwake tu. Karatasi hutolewa masijala, huandikwa katika orodha, kundi la wachambuzi huzipitia, likiongozwa na mkuu wake. Kisha zile zenye thamani hupelekwa kutunzwa, na nyingine huombewa idhini ya kuteketezwa. Zile zilizotunzwa, zikitimiza miaka 30, raia aweza kuomba kuzisoma. Haya yote ni mema, nasi twawaheshimu wale waifanyao kazi hii katika vumbi na joto bila kusifiwa na mtu. Lakini sheria ni kama jembe: haliingii shambani lenyewe.

Watu hudhani kwamba mkuu wa wachambuzi ni mtu wa kuhesabu makasha. Sisi twaona kwamba kazi yake ni ya hakimu, na katika jambo moja ni nzito kuliko ya hakimu. Hakimu akikosea, iko rufani. Mchambuzi akikosea, rufani haiko, majivu hayasomeki. Naye huhukumu kesi ambazo wenyewe hawapo, wala hawajui kwamba wanahukumiwa. Jalada la mirathi ya mjane wa Muheza laweza kuwekwa mbele yake asubuhi moja, likaonekana jembamba, chafu, lisilo na jina la mtu mkubwa ndani yake, likatupwa upande wa moto kabla ya saa sita. Mjukuu wa mjane yule yuko shambani, hana habari.

Wataalamu wa mambo haya wamebishana tangu zamani. Sir Hilary Jenkinson wa Uingereza, katika kitabu alichokitoa mwaka 1922, alishika kwamba mtunza nyaraka asichague. Ofisi iliyoandika karatasi ndiyo iseme ipi ibaki, yeye kazi yake ni kulinda. T. R. Schellenberg wa Marekani akampinga katika kitabu chake cha mwaka 1956: ofisi huangalia haja yake yenyewe tu, kwa hiyo mtunza nyaraka lazima achague, akiwafikiria pia wale watakaokuja baadaye na maswali mengine. Sisi twaona Schellenberg alisema vema zaidi, lakini hata yeye hakufika mwisho wa njia. Maana akifikiri ni nani atakayekuja baadaye, mtaalamu humwona mtaalamu mwenziwe, mwandishi wa historia. Ni mara chache amwonapo mkulima wa Korogwe aliyekuja kwa miguu kuuliza mpaka wa shamba la baba yake. Na hapa ndipo lilipo shauri letu: katika kuchagua, karatasi ya mnyonge ndiyo ya kwanza kuchomwa, na mkuu wa wachambuzi apimwe kwa karatasi hiyo, si kwa barua za magavana. Barua za magavana zina nakala Dar es Salaam, zina nakala London au Berlin. Karatasi ya mnyonge ni moja tu.

Na tuone mfano hapa kwetu. Mwaka 1893 Dr. Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ni 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Kutoka katika miche hiyo ukaenea mkonge wote wa Tanga, Muheza na Korogwe. Lakini mkonge haukupandwa hewani. Ulipandwa katika ardhi. Sheria ya Wajerumani ya mwaka 1895 ilitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya serikali, na tume zikawekwa za kuangalia wapi wenyeji wana mashamba yao kabla ya mzungu kukatiwa lake. Kama tume zile zilitenda haki au hazikutenda, ni karatasi zao zituambiazo. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918 Waingereza waliyatwaa mashamba ya Wajerumani na kuyauza kwa watu wengine. Mwaka 1967 serikali yetu ikatwaa sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge, na mwishoni mwa miaka ya 1990 mengi yakauzwa tena kwa watu binafsi. Mengine yaliachwa yakawa msitu, wanavijiji wakaingia kulima. Hesabu, msomaji, ardhi ile ile imebadili mkono mara ngapi! Na kila ilipobadili mkono, karatasi iliandikwa. Leo mzee akisimama mbele ya baraza la ardhi na kusema, "Hapa palikuwa petu kabla ya mkonge," hana shahidi aliye hai. Shahidi wake ni jalada kuukuu lenye maandiko ya Kijerumani, ambalo karani asiyeyajua aweza kuliona takataka.

Tena fikirini habari za manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kutafuta wafanya kazi, iliyoitwa SILABU, nayo ilileta watu kutoka Songea, kutoka Ruanda-Urundi na nchi nyingine za mbali, waje kukata mkonge. Wengi hawakurudi makwao. Wajukuu wao wako mpaka leo Muheza na Korogwe, ni ndugu zetu, twakaa nao na kuzikana nao. Lakini ukimwuliza mmoja wao kijiji cha babu yake, atakutajia nchi tu, kijiji hakijui. Orodha za watu wa mkataba zilizopita mbele ya wakuu wa serikali ziliandika majina ya watu kama hao. Je, mchambuzi huzitazamaje orodha za namna hiyo? Huziona karatasi za kila siku, maelfu, zenye sura moja, zisizo na neno kubwa. Kwa kipimo cha ofisi hazina thamani. Kwa kipimo cha mjukuu asiyejua kwao, zapita dhahabu.

Mtu asiseme kwamba twatia chumvi. Baada ya mwaka 1948 watu wengi wa visiwa vya Karibi walikwenda kukaa Uingereza, wakati huo wakiwa raia wa dola moja. Kadi zilizoandikwa waliposhuka melini zilitunzwa katika chumba cha chini cha ofisi. Mwaka 2010 Wizara ya Mambo ya Ndani ya nchi ile iliziteketeza, kwa sababu zilionekana hazina kazi tena. Kisha serikali ikaanza kuwadai wazee wale wathibitishe walifika lini. Wengine walifukuzwa kazini, wengine wakanyimwa matibabu, wengine wakapelekwa nchi ambazo hawakuzikanyaga tangu utoto. Mambo haya yalijulikana wazi mwaka 2018, na serikali ikaomba radhi. Kama hayo yaliwapata watu katika nchi tajiri yenye wataalamu wengi, sisi ni nani tuseme hayatatupata?

Sasa na tuwajibu wengine wasemao kwa ukali, "Karatasi hizo ni za mkoloni, ni uongo na matusi, acheni zioze." Twajua kwamba ndani yake mna uongo, na matusi pia. Lakini hata uongo wa mtawala ni ushahidi juu yake. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Walioamuru ndio walioandika. Tukizichoma karatasi zao, tunamfutia nani aibu, sisi au wao? Wao wenyewe waliijua thamani yake. Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma katika vita mwaka 1916, walifukia majalada ardhini huko Tabora, nayo yakafukuliwa vita vilipokwisha. Majalada ya Kijerumani yaliyosalia yalipangwa upya Dar es Salaam kuanzia mwaka 1967 kwa msaada wa mtaalamu Peter Geissler, orodha yake ikachapwa Ujerumani mwaka 1973. Na mwaka 1997 UNESCO ikayaandika katika Kumbukumbu ya Dunia.

Waingereza nao, walipokuwa wakiziacha nchi walizozitawala, waliwaweka wachambuzi wao. Amri ya mwaka 1961 ilisema serikali mpya zisiachiwe karatasi ziwezazo kuiaibisha serikali ya Uingereza. Huko Kenya majalada ya siri yalitiwa alama, na walioruhusiwa kuyashika ni raia wa Kiingereza wenye asili ya Ulaya tu. Nyingine zilichomwa, nyingine zikachukuliwa kwa siri hadi Hanslope Park. Zilifichwa kiasi cha nusu karne, majalada kiasi cha 8,800 kutoka nchi 37, Tanganyika mojawapo. Mwaka 2011 wazee wa Kenya walioteswa wakati wa Mau Mau walipokuwa wakidai haki yao mahakamani London, majalada hayo yakafichuka. Na mwaka 2013 serikali ya Uingereza ikakubali kulipa paundi milioni 19.9, kwa ajili ya watu 5,228. Tazameni basi nguvu ya karatasi! Tena tazameni kosa la kuwaweka wachambuzi wa upande mmoja peke yao. Kosa lile halikuwa la rangi tu. Ni kosa la kila kundi lijichagulialo litakalokumbukwa, na sisi weusi twaweza kulifanya vilevile.

Wako pia wasemao kwa upole, "Msifadhaike, siku hizi iko mashine, tutazipiga picha karatasi, tuzitie katika kompyuta, kisha tuchome." Mashine ni njema, nasi twaipenda, maana picha humpunguzia kila asomaye haja ya kuishika karatasi dhaifu. Lakini mashine haichagui. Apigaye picha ndiye achaguaye, kwa hiyo swali letu li pale pale. Tena mashine huzeeka upesi kuliko karatasi. Visahani vya kompyuta vya miaka ya 1990 vimelala makabatini, na mashine za kuvisoma hazionekani, ilhali barua iliyoandikwa kwa wino miaka 100 iliyopita yasomeka mchana huu kwa macho matupu. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Sisi tusomao Maandiko hatuna haki ya kuona jambo hili kuwa geni. Katika kitabu cha Ezra twasoma jinsi wajenzi wa hekalu walivyoulizwa ni nani aliyewapa ruhusa. Mfalme Dario hakuchukua neno la adui zao, wala hakuchukua neno lao tu. Aliamuru itafutwe nyumba ya kumbukumbu, na hati ya Koreshi ikaonekana Akmetha, mbali na mahali palipodhaniwa. Kwa hati ile kazi ikaendelea. Na katika Yeremia twasoma habari za Mfalme Yehoyakimu, aliyekikata kitabu kwa kisu na kukitupa motoni kipande kwa kipande. Baruku alikiandika tena. Lakini si kila karatasi iliyo na Baruku wa kuiandika mara ya pili.

Basi twataka nini? Twataka mambo matatu, wala hayahitaji fedha nyingi. La kwanza, kabla majalada ya wilaya hayajateketezwa, orodha yake ibandikwe katika ofisi ya kata na ya kijiji, kwa Kiswahili kinachoeleweka, muda wa miezi kadhaa, ili mwenye haja aseme. La pili, katika kundi la wachambuzi wawemo watu wajuao mahali na maandiko. Katika majalada ya kale ya pwani zimo barua za maliwali na maakida, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Asiyezijua atadhani ni karatasi ya dua. Yamo maandiko ya mkono ya Kijerumani cha kale, ambayo hata Wajerumani wa leo wengi hawayasomi. Mzee wa mtaa ajuaye kwamba mto fulani ulibadilishwa jina aweza kuliokoa jalada ambalo bingwa angelitupa. La tatu, mkuu wa wachambuzi atie jina lake na sababu yake mbele ya kila fungu alilolihukumu kuchomwa, na daftari hilo litunzwe daima. Mwenye haki haogopi kuandika sababu, na asiye na sababu atasita kabla ya kuwasha moto. Husemwa kwamba jambo hili litachelewesha kazi. Ndiyo, litachelewesha. Jalada lililokaa miaka 60 laweza kungoja miezi 6.

Nasi wanavijiji tusiwe watu wa kunyoshea serikali kidole ilhali nyumbani kwetu ni vile vile. Tumepata kuona kurasa za daftari la mkutano wa kijiji zikifungiwa karanga sokoni, na aliyeziuza ni mtu wetu wenyewe, wala si mgeni. Madaftari ya vyama vya ushirika yako wapi? Muhtasari wa baraza la kijiji la miaka ya 1970, watu walipohamishwa makwao, uko kwa nani? Tuwe na kasha moja katika kila kijiji, la mbao ngumu, lililoinuliwa juu ya mawe ili mchwa wasilifikie, mbali na ukuta wenye unyevu. Karatasi zitolewe pini, zifungwe kwa utepe wa pamba, na juu ya kila furushi yaandikwe mwaka na jambo. Mtoto wa shule aliyefika darasa la saba aweza kuifanya kazi hiyo akionyeshwa siku moja.

Wazee wetu waliyajua haya kabla yetu. Abdallah bin Hemedi, aliyekuwa liwali wa Tanga, aliziandika Habari za Wakilindi, zikachapwa Magila kwa mafungu kati ya mwaka 1895 na 1907. Na leo atakaye kujua Usambara ya kale huanzia pale. Ni wale wale wa pwani hii waliotuachia mithali ya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Basi ukisikia ofisi ya kwenu yataka kusafisha chumba cha karatasi, usipite ukatazama moshi. Nenda kabla ya moshi, uvue kofia, ubishe hodi kwa adabu, uulize maneno mawili: orodha iko wapi, na ni nani aliyetia sahihi?